Unataka kukata kitambi kwa dawa ya uyoga? Soma hapa kabla hujanunua kopo

Mimi naotesha uyoga mamama (ule wa oyster) hapa Dodoma, upande wa Nzuguni, na siku hizi mtu akija kununua haulizi sana unapikwaje, anauliza kama huu ndo ule unaokata kitambi, au kama nina ule wa unga, au kama nawafahamu wanaouza vidonge vya uyoga wa Kichina. Nimeona niandike kwa urefu mara moja, maana swali lenyewe ni la maana, hela inayotoka ni nyingi, na wengi wanaouliza tayari wana presha au sukari, yaani sio watu wa kujaribishiwa vitu.

Jibu langu liko hivi. Dondoo za uyoga, ule uyoga uliochemshwa au kulowekwa ukakamuliwa nguvu yake halafu ukakaushwa ukawa unga au kidonge, kwa panya zimefanya kazi vizuri kweli. Kwa binadamu bado hazijaonyesha kupunguza unene kiasi cha mtu kusimama akakuuzia kama dawa. Ila uyoga wenyewe, wa kwenye sufuria, ukikaa pale ilipokuwa inakaa nyama ya mafuta, huo umejaribiwa kwa watu na kilo zimeshuka kidogo. Kwa hiyo nitakupeleka njia zote mbili, ya kopo na ya sufuria, uchague ukiwa unajua.

Anza kwa kujipima

Kabla ya kutia kitu chochote mdomoni jua uko wapi. Chukua uzito wako kwa kilo, gawa kwa urefu wako kwa mita mara urefu wako tena. Mtu wa kilo 85 mwenye urefu wa mita 1.60, unachukua 85 unagawa kwa 2.56, unapata kama 33. Ukiwa na 25 kwenda juu umeshazidi uzito, ukifika 30 kwenda juu hiyo ndo kiribatumbo yenyewe, na hapo sio suala la suruali kubana tena, ni suala la moyo na sukari na magoti.

Halafu pima kiuno. Azima futi ya kamba kwa fundi cherehani yeyote, izungushe katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pumua kawaida, usivute tumbo ndani (wanaume mnapenda sana hii). Mwanamke ukiwa sentimita 80 kwenda juu na mwanaume 94 kwenda juu, hatari inaanza kupanda hata kama kilo zako sio nyingi. Andika namba zote mbili na tarehe, nyuma ya kadi ya kliniki au kwenye simu, popote ambapo hutapoteza.

Na usijiwekee malengo ya kuua mtu. Kwa huyo wa kilo 85, kushuka asilimia 5 tu, yaani kilo 4 na kidogo, tayari kunasaidia sukari na presha. Anayekuahidi kilo 10 kwa mwezi kwa kidonge cha uyoga anakuuzia kitu kingine, na mbele nitakueleza ni kitu gani.

Habari za uyoga na unene zimetoka wapi

Zimetoka maabara, sio hewani, na ndo maana zinavutia. Mwaka 2015 watafiti wa Taiwan walichapisha kwenye jarida la Nature Communications kazi yao kuhusu ganoderma, uyoga mgumu unaoota kwenye miti, mwekundu-kahawia unaong'aa juu, Wachina wanauita lingzhi na Wajapani wanauita reishi. Waliwalisha panya chakula chenye mafuta mengi mpaka wanenepe, wengine wakawapa na dondoo ya maji ya ganoderma. Waliopewa dondoo hawakunenepa kama wenzao, na mwili wao ukawa unaitikia insulini vizuri zaidi.

Kilichonifurahisha mimi ni walipotafuta sababu. Hawakuishia kusema "inachoma mafuta" kama matangazo yanavyosema, waliangalia tumboni, kwa wale bakteria wanaoishi kwenye utumbo. Mafuta mengi yanawavuruga hao bakteria, ukuta wa utumbo unaanza kuvujisha sumu zao kidogokidogo kwenda kwenye damu, mwili unakaa kwenye hali ya uvimbe wa chinichini muda wote, na hapo insulini inaanza kugoma. Dondoo ilirudisha bakteria kwenye mpangilio mzuri na ukuta ukaziba. Na wakathibitisha kwa njia ambayo ukiisikia unaweza kukunja uso, walichukua kinyesi cha panya waliokunywa dondoo wakawapandikizia panya wengine ambao hawakunywa kitu, na hao nao wakapungua. Yaani kazi ilikuwa inafanywa na bakteria, na bakteria walikuwa wanalishwa na zile nyuzi ndefu za uyoga, mojawapo inaitwa beta-glukani. Ishike hiyo beta-glukani kichwani, tutaihitaji tukifika dukani.

Sasa upande wa binadamu. Australia walifanya jaribio, likachapishwa 2016, watu 84 wenye sukari aina ya 2 pamoja na dalili nyingine za mwili kuelemewa, wengine wakapewa ganoderma gramu 3 kwa siku, wengine ganoderma iliyochanganywa na kodisepsi (aina nyingine ya uyoga wa dawa za Kichina), wengine kidonge kitupu, na hakuna aliyejua anakunywa nini. Wiki 16. Sukari haikushuka kuliko wale wa kidonge kitupu, na presha na mafuta ya kwenye damu navyo hivyohivyo. Hiyo ndo hali halisi, na mtu anayekuonyesha picha za panya bila kukutajia hawa watu 84 amekuficha nusu ya habari.

Panya wa maabara anakula kinachowekwa mbele yake, hana harusi Jumamosi, hana bia na kuku wa kuchoma jioni, hana bosi wa kumchelewesha ofisini mpaka anakula saa nne usiku. Ndo maana cha panya hakihamii kwa mtu moja kwa moja, hata kikiwa cha kweli kwa panya.

Lakini kuna jaribio lingine ambalo halitangazwi kwa sababu halina kopo la kuuza. Marekani, lilichapishwa 2013, watu 73 wenye kiribatumbo walifuatiliwa mwaka mzima. Kundi moja likaambiwa sehemu ya nyama nyekundu iondoke, uyoga mweupe wa kawaida ukae pale, lingine likaendelea na nyama, na wote mwanzoni walipewa ushauri wa kupunguza chakula. Kundi la uyoga lilishuka asilimia 3 na nusu hivi ya uzito, kama kilo 3, na kiuno kikapungua. Sio maajabu, ila ni watu, ni mwaka mzima, na ni uyoga unaoliwa. Bangladeshi nako waliwapa wagonjwa wa sukari uyoga mamama wa kula, sukari na presha vikashuka kwa zile siku walizokuwa wanakula, walipoacha vikapanda tena, na uzito haukubadilika. Kwa hiyo hata mamama ninaouza mimi siwezi kukuambia unakata kitambi ukiwa umeongezwa tu juu ya sahani ileile ya kila siku. Lazima utoe kitu ndo uweke uyoga.

Ukiwa bado unataka la kopo

Sawa, ni hela yako na mwili wako, ila fanya hivi.

Uliza usajili. Kitu kikitangazwa kwamba kinatibu, hiyo ni dawa, na dawa zinasimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambao makao makuu yao yako hapahapa Dodoma, unaweza hata kwenda na kopo ukauliza. Ikiwa inauzwa kama chakula au kinywaji, mfano kahawa ya uyoga, tafuta alama ya TBS, shirika la viwango. Ikiwa ni ya mganga wa tiba asili, kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muuzaji akianza kukuzungusha na maneno ya "hii ni lishe tu dada yangu, haihitaji usajili" wakati tangazo lake linasema inatibu sukari, presha, uvimbe wa kizazi na nguvu za kiume kwa pamoja, ondoka.

Soma lebo, na usisome mbele, soma nyuma kwa maandishi madogo. Unatafuta vitu vitatu. Jina la uyoga lenyewe, sio "mchanganyiko wa uyoga wa Mashariki". Sehemu iliyotumika, maana uyoga una lile tunda tunalokula na una ule utando mweupe wa chini, na viwanda vingi vinaotesha utando kwenye nafaka kama mchele au shayiri halafu vinasaga vyote kwa pamoja, utando na nafaka yake, unabaki unanunua wanga kwa bei ya dhahabu. Na cha tatu, kiwango cha beta-glukani kwa asilimia. Ukikuta wameandika "polisakaridi" tu usikubali haraka, hilo ni jina la jumla la minyororo mirefu ya sukari, beta-glukani ni mojawapo lakini wanga wa mchele nao ni polisakaridi.

Kuna kipimo kidogo unaweza kufanya jikoni, nakipenda kwa sababu mtu anaona kwa macho yake. Nunua iodini duka la dawa, ile ya kahawia ya kupaka kidonda. Chukua vikombe viwili vyeupe au visosa. Kimoja weka unga wa sembe robo kijiko, kingine fungua kidonge cha uyoga umwage unga wake. Tia maji ya moto kidogo kote, koroga, subiri vipoe kabisa, maana kukiwa na moto rangi haikai. Halafu dondoshea iodini iliyozimuliwa, tone moja moja. Cha sembe kitageuka bluu iliyokolea mpaka inaelekea nyeusi, hiyo ndo rangi ya wanga. Sasa angalia cha uyoga. Kikibaki kahawia au kikaenda wekundu-wekundu, wanga sio mwingi. Kikigeuka bluu-nyeusi kama cha sembe, umeuziwa nafaka. Kutokugeuka hakukuhakikishii kwamba ni ganoderma kweli, inaweza kuwa majani mengine yoyote, ila kugeuka ni jibu la kutosha. Ukimaliza mwaga, usinywe, na vikombe uvioshe vizuri.

Piga hesabu ya dozi. Lile jaribio la Australia walitumia gramu 3 kwa siku. Kopo la vidonge 60 vya miligramu 500 lina gramu 30 tu, kwa dozi ile linaisha siku 10. Muuzaji anakuambia kimoja asubuhi kimoja jioni, hiyo ni gramu 1, theluthi ya dozi ambayo yenyewe haikushusha sukari. Zidisha bei ya kopo kwa miezi unayotaka kutumia uone kama hiyo hela isingekununulia mboga na matunda ya nyumba nzima.

Kahawa ya uyoga nayo, ile ya pakiti ndogo za kumimina kwenye maji ya moto, mara nyingi ndani kuna sukari na unga wa maziwa uliotengenezwa kwa mafuta, na uyoga ni punje. Angalia orodha ya viungo, kinachotajwa kwanza ndo kingi kuliko vyote. Ikianza sukari, basi unakunywa sukari ili upungue, haiwezekani.

Na sasa lile jambo la kilo 10 kwa mwezi. Kuna dawa inaitwa sibutramini, zamani ilikuwa ya hospitali kwa ajili ya unene, ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo imekuwa ikikutwa imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza mwili zinazoitwa za asili, chai, kahawa, vidonge, bila kuandikwa popote. Kwa hiyo ukinywa kitu cha "uyoga" halafu ndani ya siku chache hamu ya kula imekatika kabisa, moyo unaenda mbio, mdomo umekauka, usingizi hamna, usifurahi kwamba inafanya kazi. Uyoga haufanyi hivyo. Acha siku hiyohiyo, beba kopo nenda hospitali.

Ambao dondoo za uyoga sio zao

Hapa naomba usipitie juujuu. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aspirini ya kila siku, ganoderma inaweza kuongeza kutokwa damu, usichanganye bila daktari kujua. Anayesubiri upasuaji aache wiki mbili kabla na amwambie daktari. Anayetumia dawa za sukari, hasa glibenklamidi au insulini, akiongeza kitu kinachoweza kushusha sukari juu yake anaweza kujikuta anatetemeka na jasho jembamba katikati ya foleni ya daladala. Mjamzito na anayenyonyesha, aache tu, ale uyoga wa kawaida uliopikwa ukaiva inatosha. Mwenye shida ya figo akae mbali na uyoga unaoitwa chaga, una oksaleti nyingi, kitu kinachoweza kuganda ndani ya figo, na kuna watu figo zao zimeharibika kwa kuutumia muda mrefu. Na ini pia, wapo walioumia ini wakiwa wanatumia unga wa ganoderma, kwa hiyo macho yakianza kuwa ya njano, mkojo ukawa mweusi kama chai, ngozi inawasha bila sababu, acha na uende ukapime.

Anayetumia ARV au dawa za TB, tafadhali, usianze kitu chochote kwa siri kwa kuogopa nesi atakusema. Mwambie. Asiposema kitu bora, akisema uache, acha.

Kutengeneza mwenyewe nyumbani

Kama hamu yako ni kunywa kitu cha uyoga na sio lazima kiwe cha kopo, tengeneza. Zile beta-glukani zinazoyeyuka zinatoka kwa maji ya moto, huhitaji kiwanda. Haitakuwa na nguvu ya dondoo ya maabara na sitaki uiite dawa, ila ni safi, unajua imetoka wapi, na gharama yake ni uyoga na mkaa.

Tumia mamama au shitake ulionunua kwa mkulima unayemjua, basi. Usitumie uyoga wa porini kwa kazi hii hata siku moja. Najua mvua zikianza Desemba uyoga wa kichuguu unatoka na ni mtamu, na wazee wanaoujua wanaujua kweli, wao waende wakaokote na wakupikie. Ila wewe usiende ukaokota kwa kufananisha na picha ya kwenye simu ukauchemsha ukanywa maji yake. Sumu ya uyoga mbaya kuliko wote haifi kwa kuchemsha wala kwa kukausha, na inachelewa, unaweza kula mchana ukalala vizuri, dalili zikaanza baada ya masaa 6 mpaka 24, ukaharisha, ukapata nafuu kidogo ukadhani imepita, kumbe ini ndo linaisha. Na vile vigumu vinavyoota kwenye miti, hata kikifanana na ganoderma, kiache hapohapo kwenye mti.

Kukausha kwa Dodoma ni raha, jua lipo. Uchane mamama vipande virefu, usiuoshe sana, panga kwenye chekeche au wavu ulioinuliwa, upande wenye mistari ya chini uangalie juu. Hii ina sababu, uyoga ukipigwa na jua unatengeneza vitamini D, na ile mistari ndo inayotengeneza kwa wingi. Funika na neti, sio kwa ajili ya nzi tu, kwa ajili ya vumbi, maana miezi ya Juni mpaka Agosti upepo wa hapa unaweza kukupa uyoga wenye mchanga usiotafunika. Umekauka ukiwa ukiuvunja unakatika, sio unapinda. Tia kwenye chombo kikavu chenye mfuniko wa kubana.

Gramu 20 za mkavu, hiyo ni sawa na karibu gramu 200 za mbichi kwa sababu uyoga mbichi sehemu 9 kati ya 10 ni maji. Suuza haraka, weka kwenye sufuria na lita 1 ya maji, ikichemka punguza moto, mkaa uwe wa kufifia, iwe inatokota polepole saa 1 na mfuniko juu. Weka tangawizi ukipenda, chumvi kidogo sana au usiweke, sukari hapana. Chuja. Inatoka rangi ya chai hafifu na harufu ya supu. Kunywa kikombe kimoja kabla ya chakula cha mchana au cha usiku, tumbo likiwa na kitu cha moto ndani kabla ya kula unakula kidogo, hiyo peke yake ni faida. Iliyobaki weka kwenye friji, isizidi siku 2 au 3, kama huna friji chemsha ya siku moja tu. Makapi usitupe, nyuzinyuzi nyingi zimebaki humo, yarudishe kwenye mboga ya jioni. Siku za kwanza tumbo linaweza kujaa gesi, anza na nusu kikombe. Ukiwashwa au ukivimba midomo, uyoga haukupendi, acha kabisa.

Sufuria ndo mahali penyewe

Hapa ndo ningependa hela yako iende, na sisemi kwa sababu nauza, ukitaka kanunue soko la Majengo au kwa mkulima mwingine yeyote.

Gramu 100 za mamama mbichi zina kama kilokalori 33. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe yenye mafuta ziko kama 250. Ukibadilisha kweli, tofauti ni kubwa. Tatizo letu ni kijiko cha mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti, hata yale mazuri ya Singida, ni kilokalori 120, na uyoga unanyonya mafuta kama sponji, ukimimina unapotea, unaongeza, unapotea, unaongeza. Ukija kushtuka umeweka vijiko vinne, na uyoga wako wa kilokalori 60 umekuwa wa 540. Nimeona mtu anasema uyoga haujamsaidia, ukienda jikoni kwake unaelea.

Kwa hiyo pika hivi. Sufuria ikaukie motoni, tia uyoga mtupu bila mafuta, na chumvi chembe. Baada ya dakika chache utaona unatoa maji wenyewe, mengi tu, uache uchemke kwenye maji yake mpaka yakaribie kukauka. Hapo ndo unatia kitunguu, nyanya, karoti, na kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria nzima ya watu wanne. Ukiwa umeshaiva hauna tena nafasi ya kunyonya mafuta. Ukitaka wa karanga, karanga za kusaga kijiko kimoja kikubwa kilichozimuliwa, sio kikombe, maana karanga nazo zina mafuta yake. Ukitaka na mlenda, chemsha uyoga kwanza halafu utie kwenye mlenda, unakubaliana sana, na mlenda haudai mafuta. Ugali wake uwe wa uwele au mtama usiokobolewa, tonge la ukubwa wa ngumi yako, nusu ya sahani iwe mboga.

Anza na siku tatu kwa wiki ambazo nyama inaondoka kabisa uyoga unaingia. Sio uyoga pembeni ya nyama. Na kwa wanaokaa Mtumba na maofisini huko, mchana ndo unaowaangusha, chipsi mayai na soda, basi beba kontena, uyoga wa jana ukipashwa bado ni mtamu, ila uwe umekaa kwenye friji usiku.

Kutembea usiniulize, tembea. Barabara zipo, jioni upepo upo.

Kufuatilia

Jipime kila baada ya wiki mbili, asubuhi, kabla ya kula, mzani uleule na futi ileile, andika chini ya zile namba za mwanzo. Usijipime kila siku, maji ya mwili yanapanda na kushuka yatakuchanganya. Kiuno mara nyingi kinatangulia kushuka kabla ya kilo, kwa hiyo usikate tamaa na mzani.

Kama umeamua kutumia dondoo ya kopo, usibadilishe na chakula kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichofanya kazi ni kipi na utaendelea kununua kopo miaka yote. Badilisha chakula kwanza wiki 12, andika. Halafu ongeza kopo wiki 12 nyingine huku chakula kikiwa vilevile. Kama namba za wiki 12 za pili hazijashuka kuliko zilivyoshuka za kwanza, kopo halina kazi kwako, acha kununua.

Ukiwa na 30 kwenda juu pamoja na sukari au presha, na wiki 12 za chakula hazijasogeza kitu, nenda hospitali ya mkoa au Benjamin Mkapa uulizie kliniki, usihamie kopo lingine. Dawa za kweli za unene zipo, jaribio la sindano ya semaglutidi lililochapishwa 2021 watu walishuka karibu asilimia 15 kwa wiki 68, ila hizo ni za kuandikiwa na daktari na kufuatiliwa, usinunue kwa mtu wa status. Siku ya kliniki beba lile karatasi la namba zako, na kila kopo, pakiti au chupa ya kitu cha asili unachotumia, vitoe vyote mezani daktari avione na ausome mwenyewe ule upande wa nyuma wa lebo.